Kitunguu Kitupu kwa Mkwe

Onesphore alikuwa mkuu wa jiko katika shule ya bweni huko milimani kwa muda uliotosha kuwaona wanafunzi wake wakirudi na watoto wao kuwaandikisha, na katika muda huo wote hakuwahi kupika chakula cha mtu mmoja. Masufuria yake yalihitaji watu wawili kuyainua. Mwiko wake ulikuwa na urefu wa kasia. Alikuwa na kanuni moja, na kila mpishi aliyepita chini yake aliijua kabla hajajua mahali pa kutundika koti: anayekula lazima ajue anachokula. Maharagwe yakiingiwa na wadudu, hakuyafunika kwa pilipili. Aliingia mwenyewe katika ukumbi wa chakula, akasimama wima, akawatangazia wanafunzi, kisha akawaachia wachague kati ya sahani na njaa. Wavulana hawakumpenda siku hizo. Lakini hakuna aliyewahi kumwita mwongo.

Alipostaafu alirudi Uvira, mji wa kando ya ziwa, akajenga nyumba mtaani Kasenga, na mke wake akafia katika nyumba hiyo. Dada yake Bernardine, aliyeuza ndagala, visamaki vidogo vikavu vya ziwani, huko Kalundu, alihamia kwake baada ya ziwa kupanda na kuimeza nyumba yake. Waliishi kwa amani ya watu wawili wasiokubaliana kuhusu chumvi.

Ndipo binti yake Laure, aliyekwenda Japani kusomea mambo ya maji na kuolewa huko na kijana aitwaye Tetsuya, alipopiga simu kusema kwamba watakuja, na kwamba mama wa Tetsuya atafuatana nao ili awaone wakwe zake kwa macho.

"Karibuni sana," Onesphore alisema. "Tutachinja."

"Papa, hapana. Mama Fumie hakulake nyama. Hakulake samaki. Kintu yoyote yenye ilipumuaka, hagusi. Aliapa siku walimuzika bwana yake."

"Ni mutawa?"

"Si mutawa. Batawa wakali ba kwao hata kitunguu habakulake, na yeye kitunguu anakipenda kupita yote. Alizaliwa ku kisiwa kimoja kwenye banalima vitunguu. Baba yake alikuwa mulimaji."

Onesphore mwenyewe alikuwa mtoto wa Kiringye, kwenye tambarare ya Ruzizi, na mikono ya mama yake ilinuka vitunguu hadi siku ya kuwekwa sandukuni.

"Basi atakula kitunguu," alisema. Alipoiweka simu mezani ndipo alipoona ukubwa wa mzigo aliojitwisha.

Maana katika ukoo wao mkwe hafiki kwa kuvuka kizingiti. Mkwe hufika kwa kula. Siku ya kwanza huketi mbele ya mkubwa wa nyumba, na kati yao huwekwa sahani moja. Mkubwa hutangulia kuonja, mkwe humfuata, na mwishoni wote wawili hunawa katika beseni moja. Hapo ndipo koo mbili zinapokuwa moja. Sahani ikirudi jikoni bila kuguswa na mmoja wao, basi hakuna aliyefika. Ndoa itaitwa ndoa barabarani na kanisani, lakini ndani ya ukoo itabaki ikichechemea. Na sahani hiyo, tangu walipoanza kuhesabu mababu, ilikuwa ya mukeke, samaki wa ziwani, mzima mwenye kichwa, au ya mbuzi.

Mkubwa wa nyumba hakuwa Onesphore. Alikuwa kaka yake Révérien, msimamizi mstaafu wa wapagazi bandarini, mtu ambaye sauti yake ilikuwa bado inabeba magunia.

"Vitunguu?" Révérien aliuliza, akiwa amesimama mlangoni na kofia yake mkononi. "Mukwe avuke bahari, avuke mupaka, halafu minye niketi mbele yake na vitunguu? Onesphore, weye ulipikia watoto wa bweni mpaka ukasahau watu wakubwa banakulaka nini."

"Nitavipika vizuri, yaya," Onesphore alimjibu kaka yake mkubwa.

"Kitunguu hata ukikivalisha suti, ni kitunguu."

Onesphore alichukua kikapu chake. Alikwenda sokoni.

Majuma yaliyofuata yalimfundisha unyenyekevu ambao shule haikuwa imemfundisha. Kwa mkono wa msafiri aliyepitia Bujumbura, Laure alituma majani makavu ya baharini, mapana kama mshipi, na chupa ya maji meusi ya soya iliyochachushwa, yenye chumvi na utamu kwa pamoja. Kwa simu alimweleza baba yake jinsi watu wa kule wanavyotoa ladha bila nyama: loweka majani, yapashe moto polepole, yaondoe kabla maji hayajachemka, vinginevyo yatakuwa machungu na yenye utelezi. Onesphore alichemsha ya kwanza kwa moto wa bweni. Yalikuwa machungu na yenye utelezi.

Alianza upya. Kiganja kilichozoea kutupa chumvi kilijifunza kuitia kwa ncha za vidole viwili. Alichagua vitunguu vya Kiringye, vile vyekundu vilivyobapa kidogo, akavimenya bila kukata kitako, kwa sababu kitako ndicho kinachoyashika matabaka yasitawanyike. Akavilaza katika sufuria ndogo ya kupashia maziwa, pamoja na uyoga mkavu wa milimani, akavipikia juu ya makaa machache, maji yakitetemeka bila kuchemka. Kitunguu kikiharakishwa kinasambaratika. Kikingojwa, kinabaki kizima na kinakuwa laini hadi ndani ya moyo, rangi yake ikigeuka kutoka nyekundu ya hasira kuwa ya udongo wa mfinyanzi uliolowa. Mwishoni aliutoa uyoga, akaupunguza mchuzi kwa tone la soya na chembe za sukari hadi ung'ae, akaumimina juu, akanyunyiza ufuta uliokaangwa. Akakiweka kitunguu kimoja katikati ya sahani pana nyeupe ya harusi yake, akakifungua kwa kisu kama ua linaloamka.

Révérien alipita siku hiyo, akainama juu ya sahani.

"Bengine bako wapi?"

"Bengine nani?"

"Vitunguu vingine. Ao hiki kinangojea wenzake?"

Bernardine alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini alipopewa kijiko cha mchuzi aliacha kucheka, akaubeba mdomoni kwa muda, akameza.

"Iko muzuri, yaya. Inakosa tu kintu kidogo."

"Kintu gani?"

"Sijue," Bernardine alisema, naye alijua kabisa.

Onesphore pia alijua kwamba kuna kitu kinakosekana. Mchuzi ulikuwa na kuta na paa, ila haukuwa na msingi. Alijaribu uyoga zaidi, akajaribu majani zaidi, mpaka majani yakabaki kiasi cha kupikia mara moja tu, siku yenyewe.

Jumapili ya wageni kufika, baada ya misa ya kwanza, aliweka vitunguu vyake motoni, akaondoa majani kwa wakati wake, akapunguza makaa. Kisha akavaa koti ili akawapokee wageni mpakani Kavimvira.

"Moto usipande," alimwambia Bernardine. "Na usiguse kintu."

"Unaniona minye ni mutoto wa bweni?"

Pale mpakani alimwona mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mvi zilizokatwa sawasawa, akishuka garini nyuma ya Laure na Tetsuya. Aliinama mbele ya Onesphore, tena chini sana, kisha akaishika mikono yake yote miwili. Kwenye mfuko wake alikuwa amebeba mikate na njugu, kwa hofu ya kuwasumbua wenyeji. Laure alipomweleza kwamba baba yake amekuwa akitafuta chakula chake kwa majuma mengi, Fumie alimtazama mzee huyo. Kisha akautoa mfuko wote wa mikate na kumpa mama aliyekuwa akiuza ndizi kando ya barabara, pamoja na watoto wake. Onesphore alielewa bila mkalimani: sasa hana chakula kingine ila cha mikono yangu.

Wageni waliketishwa sebuleni. Onesphore alivua koti, akanawa, akaingia jikoni, akachovya kijiko.

Mchuzi ulikuwa na msingi.

Kwa pumzi moja tu alifurahi, kama mtu aliyekuta mlango wazi baada ya kuusukuma mwezi mzima. Kisha ulimi wake ukamwambia alichokula.

"Bernardine."

"Abee, yaya. Bageni bameketi?"

"Umetia nini humu?"

"Humu wapi?"

"Bernardine!"

"Ndagala kidogo. Unga tu. Niliutwanga muzuri, hata macho haitauona."

"Nilikuambia huyu mama hakulake samaki."

"Na minye nimetia samaki? Nimetia mukeke? Ndagala si samaki, yaya, ndagala ni kiungo. Ijumaa Kuu yenyewe, siku Bwana wetu alikufa, padiri anakula ndagala, na hakuna muntu anasema padiri amekula nyama. Weye unataka kuwa mutakatifu kupita padiri?"

Alichosema dada yake ndicho kilichowalea wote. Katika mji mzima wa Uvira hakuna mama ambaye, akiulizwa kama mboga yake ina samaki, angehesabu ndagala. Bernardine hakuwa amefanya hila. Alikuwa ametia upendo, kwa kipimo anachokijua.

"Ndagala ilipumuaka," Onesphore alisema.

"Ilipumuaka. Sasa ni unga."

Révérien aliingia akifuata pua yake. "Aa! Leo njo kunanuka chakula." Akachukua kijiko mkononi mwa Onesphore, akaonja, akaonja tena. "Hii minye nitaiweka mbele ya mukwe bila haya. Leta sahani."

"Haiendi mezani, yaya. Iko na ndagala."

"Nani atamwambia?"

"Minye."

"Usiposema, atajulia wapi?"

"Atakuwa amevunja kiapo chake mu nyumba yangu, na minye nikiangalia."

Révérien alikiweka kijiko chini. Alishusha sauti, na hilo lilikuwa jambo la nadra. "Onesphore. Bageni banangojea. Mutoto wetu anangojea. Unataka kumuheshimu mugeni, ao unataka tu kuwa weye njo ulishinda?"

Swali hilo lilimwingia. Alilipima kwa haki, kama alivyokuwa akipima mchele, akakuta ndani yake kiasi cha ukweli: naam, kulikuwa na kiburi. Lakini alipokiondoa kiburi, chini yake kilibaki kitu kingine, nacho kilikuwa mfuko wa mikate ulioachwa kando ya barabara.

Aliinua sufuria, akaishusha chini karibu na mfereji.

"Hivyo vitunguu vyenyewe je?" Bernardine aliuliza kwa sauti ndogo.

"Vimekunywa mchuzi. Navyo ni hivyo hivyo."

Majani ya baharini yalikwisha. Uyoga ulikwisha. Katika jungu la kona vilibaki vitunguu vibichi, na jikoni kulikuwa na makaa mengi mazuri ya kupikia bugali. Onesphore alichagua vikubwa, akavizika vizima na maganda yao katika majivu ya moto. Alimwita Laure, akamweleza yote, bila kumtaja aliyekosea.

"Uwaambie bakiwa na njaa bangojee. Na umwambie mama Fumie kwa nini. Yote."

Laure alirudi sebuleni. Kukawa na maneno, kisha hatua nyepesi katika ua. Fumie alisimama mlangoni mwa jiko, Laure nyuma yake.

Bernardine alijifunika uso kwa kitenge. "Mukwe mu jikoni! Tumekwisha."

Fumie alikusanya gauni lake magotini, akachuchumaa kando ya moto, akaokota kijiti, akaanza kuvigeuza vitunguu kimoja kimoja, kwa mkono usiouliza namna ya kufanya. Onesphore alichuchumaa upande wa pili. Walifanya kazi hivyo bila lugha. Baadaye jicho la mgeni liliangukia sufuria iliyokaa karibu na mfereji, akamwuliza Laure.

"Mwambie ninaimwaga," Onesphore alisema.

Fumie alitikisa kichwa kwa nguvu. Laure alisikiliza, kisha akafasiri: "Anasema usimwage. Zile ndagala zimekwisha kufa. Ukizitupa mu mufereji, zitakuwa zimekufa bure. Anasema benye banakulaka bakule, na bakule yote." Fumie aliongeza jambo huku akitabasamu, na Laure akacheka. "Anauliza nani alitia. Anasema jikoni ya mama yake ilinuka hivi. Kwao pia banatiaka tusamaki tudogo tukavu mu supu."

Kitenge kilishuka usoni pa Bernardine. "Umesikia? Umesikia, yaya? Hata kwao!"

"Hata kwao," Onesphore alikubali. "Lakini si kwake."

Chakula kilipoletwa mezani kilikuwa vyakula viwili. Kwa familia na majirani kulikuwa na bugali, sombe ya majani ya muhogo, na ule mchuzi wa vitunguu wenye ndagala, ambao Tetsuya aliunywa kwa kelele akaomba aongezewe. Kati ya Révérien na Fumie iliwekwa sahani nyeupe ya harusi. Ndani yake kilikuwa kitunguu kimoja, kimevuliwa ganda la nje lililoungua, kimefunguliwa mara nne bila kukatwa kitako, matabaka yake yakiwa meupe kama lulu pembeni na ya dhahabu kuelekea ndani. Matone ya soya. Ufuta. Limau lililokamuliwa kwa mbali. Majani mabichi ya kitunguu, yaliyokatwa membamba kama nyuzi. Hakuna kingine.

Révérien alikunja mikono kifuani.

"Kitunguu kitupu," alisema. "Kama cha mufungwa."

Hakuna aliyeyafasiri maneno hayo kwa Kijapani. Hakukuwa na haja. Vijiko vilitua meza nzima. Fumie alikuwa amekwisha kuelezwa desturi, akaketi na mikono mapajani, akimngojea mkubwa aonje. Laure alimtazama baba yake. Onesphore aliona uso wa mwanawe jinsi ulivyokuwa siku ya kwanza aliyompeleka shule, ulipokataa kulia mbele ya watu.

Angeweza kumsihi kaka yake. Hakumsihi. Alisimama wima, kama alivyokuwa akisimama ukumbini.

"Yaya Révérien," alisema, "na weye mama, mukwe wetu. Nilipika kingine, cha majuma mengi. Kilikuwa kitamu, tena kimekuwa kitamu zaidi, na hakikufaa. Hiki njo kilibaki. Hakuna kintu kimefichwa ndani yake. Kama kuna haya, haya ni yangu. Isiende kwa mutoto."

Akaketi. Laure alifasiri.

Fumie alinyoosha mkono. Hakula. Kwa vidole vyake alipenya katikati ya matabaka, akautoa moyo wa kitunguu, ule wa ndani kabisa ambao moto huufikia mwisho na utamu wote hukusanyikia humo, mdogo kama kidole gumba cha mtoto. Akauweka upande wa sahani uliomwelekea Révérien. Akautazama, akamtazama yeye, akarudisha mikono mapajani.

Révérien aliduwaa. Mtu anaweza kukataa cha ndugu yake. Hayo ni mambo ya mdomo, yatazungumzwa Jumapili ijayo na kusahaulika. Lakini cha mkono wa mkwe hakikataliwi. Hilo ni jambo la ukoo, na yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Aliikunjua mikono, akauchukua moyo wa kitunguu kwa vidole vilivyobeba bandari nzima, akautia mdomoni.

Alitafuna polepole. Aliacha kutafuna.

"Umetia mafuta humu?"

"Hakuna, yaya."

"Sukari?"

"Hakuna."

"Basi ni nini hii?"

"Ni kitunguu."

Révérien alizungusha macho mezani, kama anayetafuta aliyemdanganya maisha yake yote. Kisha akaisogeza sahani katikati kwa taratibu, akavuta bugali, akamwambia Fumie kwa Kiswahili cha bandarini, bila kungojea mkalimani: "Kula, mama. Kula haraka, mbele sijakimaliza."

Fumie alikula. Alikula tabaka baada ya tabaka mpaka kikabaki kitako, akakitazama kitako, akakila nacho.

"Beseni!" Révérien aliita. "Maji! Nani analala huko?"

Maji yalimiminwa. Mikono minne iliingia katika beseni moja, miwili mikubwa, miwili midogo, na majirani wakapiga vigelegele ambavyo vilisikika hadi barabarani. Laure aliinuka akatoka uani, akakaa huko kwa muda.

Onesphore alikwenda jikoni kutafuta kitunguu cha pili, kwa kuwa mkubwa wa nyumba alikuwa ameagiza kingine. Alimkuta Bernardine amekaa kwenye kibao, peke yake, akimenya kimojawapo cha vile vilivyobaki kwenye majivu na kukila kwa mkono.

"Minye nilitaka tu kiwe muzuri," alisema bila kuinua macho.

"Najua."

"Si kwa ubaya."

"Najua, Bernardine. Ingekuwa kwa ubaya, ningekutaja."

Bernardine alitafuna, akafikiri, akameza. "Iko muzuri," alikiri. Kisha, kwa kuwa naye alilelewa na mama yuleyule, akasema: "Lakini na ndagala ilikuwa muzuri zaidi."

Onesphore aliweka kitunguu juu ya sahani, akakipangusa majivu kwa kitambaa, akakifungua. Alikuwa mtu asiyeweza kusema uongo hata pale uongo ungekuwa adabu.

"Ilikuwa muzuri zaidi sana," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu simu ile ya Laure, alicheka.